Bwawa lililogeuka kijani masika nzima: mwongozo kamili wa kurudisha maji

Aprili na Mei hoteli na nyumba nyingi za wageni za pwani, kuanzia Watamu na Diani hadi Nungwi na Paje, hufunga kupisha mvua. Pampu huzimwa ili kubana bili ya umeme, mlinzi huachiwa funguo, na Juni inapobisha hodi bwawa limekuwa la kijani, pengine na vyura ndani.

Linalofuata linajulikana. Kilo mbili za klorini zinamwagwa jioni, asubuhi maji yamepauka, kesho kutwa yamerudi kijani. Zinaongezwa mbili nyingine. Ndoo ya kilo kumi inaisha na sakafu bado haionekani. Mara nyingi dawa haina kasoro. Imewekwa kabla ya wakati wake, kidogo kidogo, tena kwenye maji ambayo hayajapimwa. Katika mwongozo huu klorini ni hatua ya sita, na kila hatua inayoitangulia ina sababu yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viwango hivi ni vya bwawa la lita 60,000. Lako likiwa dogo au kubwa, punguza au ongeza kwa uwiano.

- Klorini ya chenga, yaani kalsiamu hipokloraiti ya asilimia 65 hadi 70: kilo 8. Wengi huiita HTH hata ikiwa ya kampuni nyingine.
- Asidi hidrokloriki ya asilimia 30 hadi 33: lita 10. Kama bwawa linajazwa maji ya kisima cha pwani, lita 20.
- Bikaboneti ya soda: kilo 5.
- Stabilaiza, jina la dukani la asidi ya sayanuriki: kilo 2. Usiifungue mpaka vipimo viseme inahitajika.
- Shabu ya unga (aluminiamu salfeti): kilo 3, kwa hatua ya 7 ikilazimu.
- Kifaa cha kupimia cha matone kinachotumia DPD (dawa inayogeuka waridi ikikutana na klorini), chenye uwezo wa kupima klorini huru, klorini iliyoshikwa, pH (uasidi wa maji), alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), ugumu wa maji (kalsiamu iliyomo) na stabilaiza.
- Wavu wa kina, brashi, mpini mrefu, kichwa cha vakyumu na mpira wake.
- Ndoo mbili za plastiki, mizani ya jikoni, jagi lenye vipimo, glavu ndefu za mpira, miwani ya kinga na buti.

Usibane pesa kwenye kifaa cha kupimia. Kile cha bei nafuu kinachogeuza maji kuwa ya njano hakitofautishi klorini huru, inayofanya kazi, na iliyoshikwa, iliyokwisha kuchoka, na tofauti hiyo ndiyo utakayoihitaji.

Jiki ya kufulia haifai kwa kazi hii. Nyingi ina klorini ya asilimia 3.5 hivi, kwa hiyo kupandisha miligramu 10 tu kwa lita katika bwawa hili kungehitaji lita 17. Magadi ya kupikia nayo yaache jikoni: yana uchafu, na hupandisha pH kuliko unavyotaka.

## Hesabu ujazo kwanza

Urefu × upana × wastani wa kina, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000. Bwawa la mita 10 kwa 4, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na 2 upande wa pili, lina wastani wa mita 1.5. Hizo ni lita 60,000. Andika namba hiyo ukutani kwenye chumba cha pampu. Anayekisia ujazo atakisia kila dozi inayofuata.

## Hatua ya 1: Toa kila kinachoonekana

Klorini haichagui. Itashambulia jani la mwarobaini lililooza kama inavyoshambulia mwani (vijimea vidogo vinavyogeuza maji kuwa ya kijani), na majani ya wiki nane yanaweza kula kilo kadhaa za dawa bila maji kubadilika rangi.

Buruta wavu sakafuni polepole, kuanzia kina kifupi kwenda kirefu, hata kama huoni unachozoa. Ukikimbia unatibua tope na majani yanaelea juu ya wavu. Penye mivinje karibu, safisha kikapu cha skima (mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu) kila nusu saa. Vijani vyake vyembamba huziba haraka kuliko majani mapana.

Usivute tope hili kwa vakyumu kupitia chujio. Litaziba mchanga siku ya kwanza. Kama lazima uvute, weka mkono wa vali kwenye WASTE ili litoke nje moja kwa moja.

Hatua hii imekamilika pale wavu unapotoka mtupu mara tano mfululizo. Maji yatakuwa bado ya kijani, pengine machafu kuliko ulivyoyakuta. Ni sawa.

## Hatua ya 2: Amsha pampu na chujio

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye saa ya pampu pekee. Hewa ya chumvi hula nyaya na viungio vya pwani, na pampu iliyolala miezi miwili kwenye unyevu haiaminiki. Ona kutu au waya uliochubuka? Mwite fundi umeme kabla ya kugusa maji.

Fungua kifuniko cha pampu, toa uchafu, pangusa mpira wa kuzibia, jaza maji mpaka juu, funga. Washa. Ikishindwa kuvuta ndani ya dakika tatu, izime: ama maji ya bwawa yako chini ya mdomo wa skima, ama hewa inaingia kwenye kifuniko.

Kisha osha mchanga. Kanuni ni moja na haina mjadala: zima pampu kila unapozungusha mkono wa vali. Ukiuzungusha pampu ikiwa inasukuma, unararua mpira wa ndani, na baada ya hapo maji machafu yatapita pembeni ya mchanga bila wewe kujua.

BACKWASH dakika tatu, au mpaka kioo kionyeshe maji safi. Zima. RINSE dakika moja. Zima. FILTER. Soma geji na uandike namba: hiyo ndiyo presha ya chujio safi. Wakati wowote ikipanda kwa bar 0.5 juu ya hapo, osha tena.

Mchanga uliogandana kwa chokaa au uliotumika zaidi ya miaka mitano hadi saba, badilisha. Unaohitajika ni wa silika, chembe za milimita 0.4 hadi 0.8. Mchanga wa ufukweni, ambao kuna mtu atakushauri uuchote bure, kwa sehemu kubwa ni vipande vya matumbawe na kombe: huyeyuka kwa asidi na kuongeza ugumu wa maji.

## Hatua ya 3: Pima kabla ya kuweka chochote

Chukua maji kwa kina cha kiwiko, mbali na midomo inayorudisha maji. Yapitishe kwanza kwenye kitambaa safi mara mbili. Kipimo cha stabilaiza hutegemea maji kuwa na ukungu baada ya kutiwa dawa, kwa hiyo yakiwa machafu tangu mwanzo kipimo kitakudanganya kwa kusoma juu.

Namba unazolenga mwisho wa kazi:

- Klorini huru: 2 hadi 4 mg/l
- pH: 7.2 hadi 7.6
- Alkalini: 80 hadi 120 mg/l
- Ugumu wa kalsiamu: 200 hadi 400 mg/l
- Stabilaiza: 30 hadi 50 mg/l

Utakachokuta kinategemea maji yalivyoishi. Mvua ya milimita 1 huingiza lita 1 kwa kila mita ya mraba. Milimita 500 juu ya bwawa la mita za mraba 40 ni lita 20,000 za maji yasiyo na alkalini wala stabilaiza, na yanapoingia, ya zamani yanafurika nje. Ndiyo maana bwawa la masika mara nyingi husoma chini karibu kila kitu.

Kinyume chake ni bwawa lililojazwa kutoka kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe: ugumu juu, alkalini juu, na ukanda wa chokaa kwenye vigae. Pima pia maji ya kujazia. Watu wengi hupambana miezi na alkalini inayotoka kwenye bomba lao wenyewe.

## Hatua ya 4: Stabilaiza ikizidi, punguza maji

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Stabilaiza huikinga klorini dhidi ya jua. Bila hiyo, jua la saa sita mchana huimaliza ndani ya saa chache. Lakini kinga hiyo hiyo huishika klorini isifanye kazi haraka. Ikifika 100 mg/l, klorini ya 3 mg/l inayoonekana nzuri kwenye kipimo haiuzidi mwani nguvu.

Inatoka wapi? Kwenye vidonge vyeupe vinavyoelea. Kila vidonge vinapotoa 10 mg/l ya klorini, vinaacha takriban 6 mg/l ya stabilaiza. Klorini inatumika na kwisha, stabilaiza inabaki. Hakuna dawa ya kawaida ya dukani inayoiondoa vizuri. Unamwaga maji na kuweka mapya.

Chini ya 60, endelea na hatua ya 5. Kati ya 60 na 80 unaweza kuendelea, ila utatumia klorini nyingi zaidi. Juu ya 80, punguza maji.

Hesabu: ukitoa theluthi moja na kujaza, inabaki theluthi mbili. Stabilaiza ya 120 inakuwa 80. Ukirudia, inakuwa 53. Unatosheka hapo.

Onyo kubwa: usikaushe bwawa lote. Baada ya masika maji ya ardhini pwani yako juu, na bwawa tupu la zege huelea kama mashua: linainuka, linapasuka, na mabomba yanakatika. Toa theluthi, jaza, zungusha maji siku moja, pima, ndipo urudie. Kama mvua bado inanyesha, subiri.

Maji haya yatoe sasa, kabla ya klorini. Yakishatiwa dawa kali hayafai kuelekezwa baharini, kwenye bustani wala karibu na kisima cha jirani.

Ikiwa stabilaiza imesoma sifuri na mwaka jana ilikuwepo, usiiweke bado. Sababu iko katika hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Shusha pH hadi 7.2

Klorini hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa chini kidogo. Sababu ya pili ni ya kipimo: klorini ikipita 10 mg/l, rangi ya kipimo cha pH huharibika na kusoma juu kwa uongo. Kwa hiyo pH unaiweka sawa sasa, kisha huigusi mpaka klorini ishuke.

Anza na mililita 100 za asidi kwa kila lita 10,000, yaani mililita 600 kwa bwawa letu. Pampu ikiwa inazunguka, jaza ndoo maji ya bwawa, mimina asidi ndani yake taratibu, kisha tembea ukimwaga pembeni mwa upande wenye kina. Simama upepo ukiwa mgongoni. Pima baada ya saa mbili, rudia ikibidi.

Asidi huingia kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye asidi. Na ndoo ya asidi isiwe kamwe ndoo ya klorini. Mabaki machache ya hizo mbili yakikutana hutoa gesi inayounguza mapafu.

Alkalini ikiwa juu au chini, iache kwa sasa. Zamu yake inakuja.

## Hatua ya 6: Klorini, kwa nguvu na bila kulegea

Kiwango cha kupigia mwani, yaani klorini huru unayoilenga, ni asilimia 40 ya stabilaiza yako, na kisipungue 10 mg/l. Stabilaiza 30 inataka 12. 40 inataka 16. 50 inataka 20.

Kupandisha 1 mg/l kwa lita 10,000 kunahitaji gramu 15 za klorini ya chenga. Bwawa letu likiwa na stabilaiza 40: 15 × 6 × 16, sawa na gramu 1,440.

Pima kwenye mizani. Jaza ndoo maji kwanza, weka klorini isiyozidi gramu 500, koroga kwa mti mkavu na safi, acha chokaa itulie dakika kumi, mimina maji ya juu mbele ya midomo inayorudisha maji. Chenga zikitua sakafuni zinaacha madoa meupe kwenye rangi na plastiki.

Usiweke klorini ya chenga kwenye skima wala kwenye chombo kilichokuwa na vidonge. Aina hizi mbili zikigusana zikiwa na unyevu zinaweza kuwaka moto au kulipuka.

Anza jua likizama. Piga brashi kuta zote, ngazi, nyuma ya taa na kwenye pembe, kwa sababu mwani ulioshikamana na ukuta una utando unaoukinga. Pima baada ya saa moja na urudishe kiwango kilipokuwa.

Sasa ndipo subira inapohitajika. Kiwango kisishuke. Pima asubuhi, mchana na jioni kwa uchache, na kila mara uongeze kilichopungua. Ukiruhusu kishuke hadi 2 usiku mmoja tu, mwani uliosalia unazaliana na umerudi nyuma siku mbili. Pampu izunguke saa 24. Umeme ukikatika, endelea kupiga brashi na kumwaga dawa kwa mkono kuzunguka bwawa lote.

Rangi hupita hatua zake: kijani kibichi, kijani cha kijivu, weupe wa maziwa, buluu yenye ukungu, kisha angavu. Weupe ni habari njema: mwani umekufa na unasubiri kuchujwa. Bwawa la kijani hafifu huchukua siku mbili au tatu. Lililokuwa karibu jeusi, wiki au zaidi.

Unaacha pale tu mambo haya matatu yanapotimia pamoja:

1. Klorini huru iliyopimwa usiku haijashuka zaidi ya 1 mg/l kufikia alfajiri kabla ya jua.
2. Klorini iliyoshikwa haizidi 0.5 mg/l.
3. Unaona skrubu za kifuniko cha sakafuni kwenye kina kirefu.

### Mambo yanayokwamisha hatua hii

Klorini inapotea ndani ya dakika chache. Stabilaiza ilikuwa sifuri? Bakteria wanaweza kuila wakati bwawa limelala na kuacha amonia, nayo hula klorini kwa fujo. Weka 10 mg/l, pima baada ya nusu saa, weka tena, mpaka ukipima ukute angalau nusu yake imebaki. Utatumia kilo kadhaa bila kuona mabadiliko ya rangi. Usikate tamaa katikati. Amonia ikiisha ndipo uweke stabilaiza.

Kipimo kinawaka rangi ya waridi kisha kinapauka. Hiyo si sifuri. Klorini ni nyingi mno na imeunguza rangi ya dawa. Changanya sehemu 1 ya maji ya bwawa na sehemu 4 za maji ya chupa, pima, zidisha kwa 5.

Maji ni angavu lakini ya kijani au kahawia kama chai. Hapo tatizo ni madini: chuma kutoka kisimani au shaba kutoka kwenye dawa za kuua mwani. Klorini zaidi itaongeza rangi. Acha ishuke, kisha tumia dawa ya kushika madini au badilisha sehemu ya maji.

Ukungu mweupe unaozidi kila ukiongeza dawa. Maji yako ni magumu na pH imepanda, chokaa inajitenga. Kila 10 mg/l kutoka klorini ya chenga huongeza ugumu kwa takriban 7. Penye ugumu wa 500 na zaidi, malizia kazi kwa klorini ya maji ya asilimia 10 hadi 12 kama inapatikana.

## Hatua ya 7: Shabu, ikiwa ukungu umegoma

Ruka hatua hii kama maji yanang'aa. Kama siku tatu zimepita tangu yawe meupe na chujio halifui dafu, shabu itaangusha chini kile ambacho mchanga umeshindwa kukishika.

Acha klorini ishuke chini ya 10 ili pH ipimike, na hakikisha iko kati ya 7.0 na 7.5. Weka vali kwenye RECIRCULATE, ili maji yazunguke bila kupita kwenye mchanga. Yeyusha gramu 500 za shabu kwa kila lita 10,000, mwaga kuzunguka bwawa, zungusha saa mbili, zima pampu na usiiguse usiku mzima.

Asubuhi utakuta tandiko la tope sakafuni na maji angavu juu yake. Livute kwa vakyumu vali ikiwa kwenye WASTE, kwa mwendo wa kinyonga. Maji yatapungua, kwa hiyo jaza kwanza hadi ukingoni. Dozi hii hushusha alkalini kwa 20 hadi 25 mg/l, jambo ambalo kwa mwenye kisima cha matumbawe ni faida.

## Hatua ya 8: Sawazisha

Subiri klorini ishuke chini ya 5, kisha fuata mpangilio huu.

Alkalini. Ikiwa chini, gramu 170 za bikaboneti ya soda huipandisha kwa 10 mg/l katika lita 10,000. Kutoka 50 hadi 80 kwenye bwawa letu ni kilo 3, zigawe mara mbili. Ikiwa juu, mililita 200 za asidi hushusha 10 kwa lita 10,000. Usimwage zote kwa mkupuo: shusha pH hadi 7.1, elekeza midomo ya maji juu ili uso utibuke, pH ipande yenyewe, rudia. Kazi ya siku kadhaa.

pH. Ikague baada ya alkalini kutulia, si kabla.

Ugumu. Pwani ni nadra kuhitaji kuongeza. Ukiwa juu ya 400 na huna maji laini ya kubadilishia, weka alkalini 60 hadi 80 na pH isizidi 7.5. Kwa joto la nyuzi 29 hivi, namba hizo huzuia chokaa isigande kwenye vigae na mabomba.

Stabilaiza. Gramu 10 hupandisha 1 mg/l kwa lita 10,000. Kutoka sifuri hadi 30: kilo 1.8. Itie kwenye soksi, ining'inize mbele ya mdomo wa maji, iminye kila siku. Usioshe chujio siku hizo, na usiamini kipimo chake mpaka wiki ipite.

Kama bwawa lina mtambo wa chumvi, uwashe sasa, baada ya kupima chumvi ambayo mvua imeipunguza. Mingi hutaka 3,000 hadi 4,000 mg/l.

Mgeni anaruhusiwa kuingia klorini ikiwa chini ya 5, pH ikiwa kati ya 7.2 na 7.6, na sakafu ya kina kirefu ikionekana wazi. La mwisho ndilo zito kuliko yote: katika maji yenye ukungu mtu anaweza kuzama na asionekane akiwa hatua mbili kutoka ukingoni.

## Dawa zilizobaki

Asidi iwekwe chumba tofauti na klorini, au nje kwenye kivuli chenye kufuli. Mvuke wake hupenya kifuniko na kula pampu, swichi na ndoo za klorini zilizo jirani. Klorini ya chenga ifungwe kabisa, iinuliwe kutoka sakafuni, mbali na vidonge, mafuta, rangi na petroli ya jenereta. Iliyoshika unyevu na kugandana isirudishwe kwenye ndoo nzuri. Na jagi la klorini lisikae ndani ya ndoo kati ya matumizi, maana unyevu wa mkono wenye jasho unaweza kuanzisha joto humo ndani.